Chafya ya Mbuzi na Kitanda cha Padri

Kwa miaka mingi, na ninalisema hili nikiwa na akili zangu timamu na cheti changu cha shule ya jioni kikining'inia ukutani, niliamini kwamba katika milima ya Wamatumbi kulikuwa na mbuzi aliyepiga chafya kila padri alipokuwa njiani. Wala haikuwa chafya ya hivi hivi. Niliambiwa kwamba padri akiwasha gari tu kule misheni, huyo mbuzi, beberu mweupe mwenye ndevu za kuheshimika, aliacha majani, akageuza uso kuelekea barabarani, akapiga chafya iliyosikika ng'ambo ya bonde. Padri akija na pikipiki, chafya ilikuwa nyembamba. Akija kwa miguu, mbuzi alikohoa. Siku atakayokuja askofu, walisema, tusimame mbali. Niliyameza yote bila maji. Nilifika mahali nikaomba niwekewe mtoto wake mmoja nimpeleke nyumbani Lindi, awe ananijulisha mama mkwe wangu anapoanza safari ya kuja kwangu.

Mwenye mbuzi huyo amefariki. Habari zilinikuta Kiswere, nimesimama ufukweni nachagua samaki na kumshikia mvuvi bango kana kwamba bahari ni ya baba yangu. Simu ikalia. Aliyepiga ni dereva wangu wa zamani, mzee wa Kivinje, ambaye enzi zile mimi nilikuwa utingo wake katika lori la machungwa. "Inna lillahi," akasema, kabla hata sijamwamkia. "Yule mama wa mbuzi katutoka. Alfajiri ya leo." Nikamwuliza anazikwa lini. "Kesho. Ila mvua imeikatakata njia, mwanangu, sijui kama utafika." Nikamsikia akijikuna ndevu, kisha akauliza kile kilichokuwa kichwani mwangu pia. "Unadhani safari hii alijua?"

Niwaeleze alikuwa nani, maana wengi wenu hamjawahi kupanda ile milima. Ukiiacha barabara kuu pale Tingi, ukaanza kupandisha kuelekea Kipatimu, unaingia katika nchi ya michungwa. Machungwa ya huko ni matamu kiasi kwamba nyuki hujipanga foleni. Barabara yake enzi zetu ilikuwa na mashimo ambayo gari likitumbukia mlikuwa na muda wa kusalimiana na waliotumbukia jana. Huko, pembeni kabisa, kulikuwa na kigango, yaani kanisa dogo la kijijini ambalo halina padri wake. Jumapili kwa Jumapili katekista aliongoza Ibada ya Neno, watu wakaimba, wakatawanyika mashambani kwao. Padri alifika njia ilipomruhusu, na njia ile haikuwa na tabia ya kuruhusu. Nyuma ya kanisa kulikuwa na chumba kimoja cha kumlaza, chenye kitanda cha kamba, mtungi wa maji, na sanduku la bati lenye mavazi ya misa. Ufunguo wa chumba hicho alikuwa nao mama mmoja mjane, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Aliufunga katika pindo la kanga yake, na hakuna mwingine aliyeingia humo. Kilichowashangaza watu, hata mbuzi akaanza kusingiziwa unabii, ni kwamba padri hakuwahi kukikuta chumba kile hakijawa tayari. Aje na mvua, aje na jua, aje baada ya kusahauliwa kabisa, alikuta shuka imetandikwa, chandarua kimeshushwa, maji mtungini, mavazi yamepigwa pasi ya mkaa. Kwa vipi? Simu zilikuwa hazijapanda milima hiyo. Lazima kulikuwa na kitu. Na kwa vile mama yule hakuwa na kitu kingine zaidi ya mbuzi, basi ikawa ni mbuzi.

Mimi mwenyewe nilikuwa shahidi. Jumamosi moja tulikuwa tunapandisha kwenda kupakia, tukamkuta padri pale Tingi amesimama kando ya gari lake, boneti limefunguliwa, analitazama kama mtu anayetazama maiti. Alikuwa anatoka pwani kurudi misheni. Dereva wangu, Mwislamu safi asiyekosa sala, akampigia honi. "Padri, panda. Mungu ni mmoja, na lori ni moja." Padri akapanda, akakaa katikati yetu na mkoba wake mapajani. Mpango ulikuwa kumfikisha misheni, lakini kabla ya kufika, ekseli ikasema basi, karibu na kile kigango. Jua lilikuwa linazama. Padri akashuka akasema atajibanza kwa katekista. Tukaongozana naye kwa miguu. Pale kanisani tukamkuta yule mama anatoka nyuma na ndoo tupu. "Tumsifu Yesu Kristu," akasema padri. "Milele, amina. Karibu, Baba, maji ya kuoga yapo." Maji ya kuoga yapo! Mtu ambaye yeye mwenyewe asubuhi hakujua kwamba gari lake litakufa! Nikachungulia chumbani. Shuka ilikuwa imenyooka kama karatasi. Dereva akanishika mkono, akaninong'oneza kwa sauti ya mtu aliyeona majini. "Umemwona mbuzi yuko wapi?" Nikageuka. Mbuzi alikuwa nyuma ya jiko, anatazama barabara. Wallahi, akasema dereva. Nami nikasema amina.

Enzi hizo ndipo nilipokuwa nimeanza shule ya jioni kule Lindi, siku zile lori lilipolala gereji. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, nimejibana katika dawati la watoto, nasoma sayansi huku nasinzia. Mwalimu alitufundisha kwamba jambo huthibitishwa kwa kuonekana. Nikafurahi sana, maana mimi nilikuwa nimeona. Niliuona mtungi, niliiona shuka, nilimwona mbuzi. Ila kwa sababu ya udadisi nilionao, ambao mke wangu anauita ugonjwa, nilitaka nisikie pia kutoka kwa mwenyewe. Asubuhi iliyofuata, fundi akiwa chini ya lori, nikamfuata yule mama jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, jana ulijuaje?"

"Nilijuaje nini?"

"Kwamba Padri anakuja."

"Sikujua," akasema, akaendelea kupepeta mchele.

Ndugu wasomaji, ninyi na mimi tunawajua watu wa kwetu. Kuanzia Kilwa mpaka Lindi, pwani na bara, mtu mwenye dawa haikubali dawa yake. Ukimwuliza fundi wa kuita samaki anatumia nini, anakwambia ni bahati tu. Ukimwuliza mama ambaye ufuta wake umestawi kuliko wa wote, anasema hata yeye anashangaa. Anayekana ndiye tunayemwamini. Kwa hiyo "sikujua" ya yule mama niliipokea kama tunavyopokea zote, nikakonyeza jicho, nikasema, "Haya mama, tumeelewana." Akanitazama kwa muda, kama anayepima kama nina homa. Kwa miaka yote niliyomfahamu nilimwuliza swali lile kila lori letu lilipopita. Kila mara alinijibu neno lile lile, nami kila mara nikakonyeza.

Uvumi wa aina hii unachekesha mpaka uanze kumla mtu. Pale kigangoni watu walianza kumtegemea mbuzi. Jumapili akiwa kimya, wengi walibaki mashambani. Kwa nini wavae viatu kwa ajili ya katekista, wakati padri haji? Akipiga chafya, hata wasiosali walioga. Basi mwenyekiti wa kigango, mkulima wa machungwa mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya bonde, akaitisha kikao nje ya kanisa baada ya ibada. Nilikuwepo, kwa sababu lori letu lilikuwa limeharibika tena, nadhani lilikuwa na imani yake katika kijiji kile. Mama aliwekwa kwenye kigoda mbele ya wote. Alikuwa hana mume, hana mtoto, na kazi ile ya chumba ndiyo aliyokuwa nayo duniani. Kila mtu pale alijua hivyo.

"Mama," akaanza mwenyekiti, "tunakuuliza kwa upendo. Unajuaje Padri anakuja?"

"Sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kama anakuja."

"Na mbuzi je?"

"Mbuzi naye hajui."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Mama, usituchezee. Haya ni mambo ya kishirikina, na yameingia nyumba ya Mungu kupitia kwako. Jumapili iliyopita humo ndani tulikuwa mimi, katekista na popo. Sasa ama utueleze siri yako, ama ufunguo urudi kwenye halmashauri ya kigango."

Mama akalifungua pindo la kanga taratibu. Akautoa ufunguo, akauweka kiganjani. Nilimwona akiutazama kama mtu anavyomtazama mtoto anayempeleka kulelewa kwa watu. "Sawa," akasema. "Nani atakuwa anachota maji?" Kisima kiko chini bondeni, na kupanda kutoka kule na ndoo kichwani kunamfanya mtu aongee na marehemu wake. "Nauliza tu. Nani?" Mwenyekiti akatazama wanawake, wanawake wakatazama michungwa. Mama akaufunga ufunguo tena. "Kama mbuzi ndiye anayewazuia kusali, mbuzi yule pale. Mchinjeni mle. Mimi mniachie chumba."

Likawa neno la hekima, hasa kwa wenye njaa. Akaitwa dereva wangu achinje, maana kijiji kile kina Waislamu na Wakristo nyumba kwa nyumba, na mbuzi akichinjwa na Mwislamu hakuna anayekula kwa macho. Dereva, ambaye hakuna mdomo uliomtangaza mbuzi yule kama wa kwake, akaja na kisu huku miguu inagoma. Akamlaza mbuzi. Na hapo, kisu kikiwa hewani, mbuzi akapiga chafya.

Kikao chote kiligeuka kutazama barabara. Katekista aligeuka. Mwenyekiti, aliyekuwa anapinga ushirikina dakika moja iliyopita, aligeuka mpaka kofia ikaanguka. Dereva aligeuka na kisu chake. Mimi niligeuka kabla ya wote, shingo ikalia ka. Barabara ilikuwa nyeupe, tupu, haina hata kuku. Tuliporudisha nyuso, nikaona kitu ambacho sikukielewa siku ile. Yule mama peke yake hakuwa amegeuka. Alikuwa ameinuka kitini, amechukua ndoo, anashuka bondeni.

Tulimla mbuzi, na sitawadanganya, alikuwa mtamu. Padri hakuja siku ile wala siku zilizofuata. Halafu Jumamosi moja ya masika, wakati hata konokono walikuwa wanaahirisha safari, padri akatokea kwa miguu, suruali imekunjwa magotini. Akakuta shuka, akakuta maji, akakuta mavazi yamepigwa pasi. Mnadhani watu walijirudi? Ikasemwa kwamba ngozi ya yule mbuzi imewambwa ngoma ya kwaya, na sasa ngoma ndiyo inayonguruma yenyewe padri akiwa njiani. Hapo, kwa heshima ya elimu yangu, nilianza kusitasita. Lakini si sana.

Sasa ninajiuliza kwa nini ilikuwa rahisi kwetu kumwamini mbuzi kuliko kumwamini mtu aliyesema kweli. Sisi Wakristo tunapenda kusema kwamba tunaishi kwa imani wala si kwa kuona. Tunaliimba kwa sauti nne, tunaliandika nyuma ya magari. Tukitoka nje ya mlango wa kanisa, tunataka kuonyeshwa. Tunataka ndoto, tunataka dalili, tunataka mhubiri atutajie rangi ya mlango wa jirani anayeturoga. Akitokea mtu anayekwenda mbele bila kuonyeshwa chochote, hatumwachii hivyo. Tunamtafutia macho. Tunasema anayo mahali, ameyaficha kwa mbuzi.

Siku hizi hatuhitaji mbuzi, maana mnara wa simu umesimama juu ya kilima. Kigango kile kina kundi lake la simu, mimi mwenyewe nimo, nasoma kila kitu kama mwenye nyumba. Padri akitoka misheni, tunajua. Akipata pancha, tunaletewa picha ya tairi. Na akisema haji, ujumbe unaingia Ijumaa, na Jumapili kanisani wanabaki wale wasio na simu. Simlaumu mtu, simu ni nzuri, nami bila simu nisingejua kama mama amefariki. Nasema tu kwamba tumeongezewa kuona, na sioni kama tumeongezewa kungoja.

Basi nikatoka Kiswere. Sitaeleza safari ile, inatosha kusema kwamba pikipiki ilinibeba nusu ya njia na nusu nyingine mimi niliibeba pikipiki. Niliingia kijijini Jumatatu, jeneza likiwa tayari nje, katekista amefungua kitabu chake. Katika kundi la simu walikuwa wametangaza tangu Ijumaa kwamba mto umefurika na padri hawezi kufika. Nikapata habari nzima kwa wanawake waliokuwa wanasonga ugali. Mama alikuwa ameugua wiki mbili. Alichoomba ni kimoja, padri ampake mafuta ya wagonjwa kabla hajaondoka. Akaingoja Jumamosi, akaingoja jioni yake, na alfajiri ya Jumapili akafariki bila kumwona. Nikiri kwamba hapo ucheshi wangu uliisha. Mtu aliyewaandalia mapadri wote wale, siku ya haja yake hakuja hata mmoja. Nilisimama nikiutazama mlango wa kile chumba cha nyuma, nikakasirika, nisijue namkasirikia nani.

Tulikuwa tumekwisha kulinyanyua jeneza wakati padri alipotokea bondeni, kijana mgeni katika misheni ile, matope mpaka kiunoni, viatu amevishika mkononi. Mto ulikuwa umepungua asubuhi ile, akaamua kujaribu. Aliposikia mama alichokuwa akikingojea, aliweka viatu chini, akapiga magoti mbele ya jeneza muda mrefu kuliko mahubiri. Kisha akatuongoza kuzika.

Tuliporudi, mvua ikaanza upya, na ikawa wazi kwamba padri hatalala misheni usiku ule. Mwenyekiti, ambaye sasa ni mzee wa fimbo, akaanza kuhangaika. "Jamani, chumba. Mwenye chumba tumemzika." Akatokea binti wa kaka wa marehemu, mama wa makamo aliyekuja kukaa na shangazi yake katika uzee. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa ufunguo, akatangulia. Tukamfuata. Mlango ukafunguka. Shuka imenyooka. Chandarua kimeshushwa. Mtungi umejaa, kata imefunikwa juu yake.

Padri akasimama mlangoni akiogopa kuingia na matope yake. "Dada, mlijuaje? Mimi mwenyewe nimeamua leo asubuhi."

Mwenyekiti akanitazama, nami nikamtazama. Najua wote wawili tulikuwa tunasikiliza kama kuna ngoma inayonguruma.

"Hatukujua, Baba," akasema yule mwenye ufunguo. "Jumamosi nilimwambia, Shangazi, wametangaza haji, nipumzike leo. Akasema nitandike. Nikatandika."

"Kwa hiyo aliota?" nikadakia. Sikuweza kujizuia. "Aliona kitu?"

Akanigeukia, akanitazama kama vile shangazi yake alivyokuwa akinitazama jikoni. "Hakuona kitu, kaka. Alikuwa anatandika kila Jumamosi. Padri aje, asije. Jumapili jioni anakunja, Jumamosi anatandika tena; jana tu, kwa msiba, hakuna aliyekunja. Ninyi mlikuwa mnamwuliza anajuaje. Hakuna aliyemwuliza anafanya nini."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Ilinibidi niulize, hata kama ni msibani.

"Na yule mbuzi?"

"Yule?" akasema, akimpokea padri viatu vyake. "Yule alikuwa na mafua."